Usinisifie Kitabu Usichoweza Kuniazima

Kuna watu husifiana vitabu kama wanavyosalimiana. "Umesoma kile? Kisome bwana, kitamu sana!" Basi, yameisha. Huku kwetu Bariadi maneno hayo ni mazito. Maduka ninayoyajua mimi yanauza madaftari, kalamu na vitabu vya kiada. Riwaya mpaka upande basi, upite Lamadi, ushukie Mwanza. Anayenisifia riwaya amenitwisha nauli ya kwenda na kurudi, bei ya kitabu, na ugali wa siku hiyo. Kamkopea mwenzake deni bila kumwuliza.

Ndiyo maana sisi vijana wanne, wote tulioishia kidato cha nne, tulijiwekea sheria. Mmoja anaendesha bodaboda, mmoja ni fundi cherehani, mmoja analima dengu na pamba kwao, na mimi nalima huku naandika riwaya ambayo bado haijaninunulia hata chumvi. Sheria yenyewe ni hii: ukikisifia kitabu, kiazime. Kama huna, tusimulie mpaka tushibe. Huwezi? Kaa kimya.

Msomaji, usidhani ni ubahili. Uchu wa vitabu ni uchu kama mwingine wowote. Pamba ikishaanza kuuzwa, kuanzia mwezi wa tano hivi, mfuko unawasha. Msimu uliopita mgao wangu nyumbani ulikuwa shilingi elfu themanini. Mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hivyo ulivyo navyo umevimaliza?" Nilikuwa nimevimaliza vyote, tena mara mbili, ugumu uko hapo. Angenikuta na vitabu sijavigusa ningenyamaza. Lakini mdogo wangu alikuwa anafungua shule na viatu vyake vimeachama midomo. Viatu vikanunuliwa.

Halafu uchu huu una hila. Nikikwama katika sura ya saba ya riwaya yangu, moyo huniambia dawa iko Mwanza, juu ya meza ya vitabu vya mitumba. Eti kuna mwandishi mmoja sijamsoma, nikimsoma tu mambo yatanyooka. Nimeshaujua wimbo huo. Sura ya saba iko ndani ya kaunta buku langu, na hakuna muuzaji atakayeniandikia.

Kuazimana kumenifundisha ambayo kununua kusingenifundisha. Nakala yetu ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, imekatika kurasa za mwisho. Basi kila mmoja wetu akalazimika kutunga mwisho wake na kuutetea mbele ya wenzake. Fundi cherehani akanishinda! Mwisho wangu ulikuwa na mahubiri mengi, wake ulikuwa na watu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikafuta kurasa nne za kwangu, kwa furaha kabisa.

Mkulima wa dengu naye aliwahi kumsoma Aniceti Kitereza, mwandishi wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu hana, hivyo alitusimulia jioni baada ya jioni, habari za mume na mke wanaotafuta mtoto. Kitereza alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili kilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano! Ukerewe si mbali nasi, ni huko huko ziwani. Mtu alingoja hivyo kitabu chake kitoke, sembuse mimi kungoja wiki mbili dereva wa bodaboda amalize zamu yake ya kusoma?

Lakini kuna mwiba ambao hatuwezi kuukwepa. Kama sote tutaazimana tu, mwandishi atakula nini? Nikichapisha riwaya yangu kesho, nitafurahi kusikia nakala moja imezunguka kata nzima? Nitafurahi, ndiyo, lakini kwa tumbo tupu. Swali hili lilitugawa, tukabishana mpaka mama mwenye nyumba akatuzimia taa. Tukakubaliana hivi: kila baada ya mavuno tunachanga sote wanne, tunanunua kitabu kimoja, kipya, cha dukani. Fotokopi hatutoi. Kimoja tu, ila mwandishi wake apate haki yake.

Safari hii vinashindana viwili. Mkulima anataka huyo huyo Kitereza, kwa sababu amechoka kusimulia. Mimi nataka Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili mwaka 2022. Nataka kuona safari za misafara ya bara zinavyosikika katika lugha yetu. Kura ni mbili kwa mbili, na hakuna anayelegea.

Mchango wangu nimeshautenga. Kilichobaki nimenunulia makaunta buku mawili meupe, maana sura ya saba imeanza kusogea. Nawe msomaji, kama una kitabu unachokipenda, tuandikie jina lake. Ila anza kwa kutuambia: utatuazima, au utatusimulia?