Mamajusi Hawakuwamo

Juzi wakibomoa duka la zamani hapa Itaka, mjukuu wangu aliniona nimesimama pale muda mrefu. "Babu, ukuta wa matofali mabichi una nini?" Nikamwambia hapo ndipo tulipomwona Yesu akizaliwa. Akacheka: "Mbona hata kwenye simu yupo."

Upande wa barabarani ukuta ule ulipakwa chokaa, na mwenye duka akautoa uwe skrini siku wageni walipoleta sinema ya Yesu, ile ya 1979 iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mimi nasema ilikuwa 1988. Dada yangu anashikilia 1990, kwa kuwa alikuwa na mimba ya kifungua mimba wake. Basi, yaishe. Mvua ya Desemba ilikuwa imekatika. Mzee alifunga duka mapema, akasogeza magunia ya chumvi, kina mama wakakaa barazani. Alinukia mafuta ya taa, maana ndiye aliyetupimia kila jioni, na hadi leo nikisikia harufu hiyo namwona na tochi yake, akizuia watoto wasikanyage waya wa jenereta.

Kuzaliwa kwenyewe kulipita upesi mno. Malaika, Mariamu, wachungaji, hori. Mara mtu mzima yuko Yordani. Mzee akasimama katikati ya mwanga, kivuli chake kikajaa ukutani. "Mamajusi wako wapi?" Mwinjilisti aliyekuja na wageni akamjibu kwamba filamu inamfuata Luka, na Luka hakuwaandika, wamo kwa Mathayo. Sinema ilipokwisha, Mzee alifungua Biblia juu ya kaunta, tukasoma sura zote mbili kwa kandili. Sijapata somo zito kama lile.

Baadaye, kwenye banda la video, tuliiona sinema nyingine ya Yesu, ya Zeffirelli ya 1977. Mamajusi wamo, na James Earl Jones, mweusi kama sisi, ndiye Balthazar. Banda zima lilipiga makofi. Ila Kiingereza kitupu, na hakuna wa kuuliza. Zikaja CD, ikaja The Nativity Story ya 2006, zikaja simu. Sasa mjukuu ananionyesha vipande vya dakika moja moja, vimekatwa kutoka filamu tofauti, na hajui kipi kimetoka wapi. Inaniudhi, kwa sababu mtoto huyu ana akili ya kuuliza.

Jioni nikampa Biblia. Akasoma Mathayo 2 mara mbili, kidole mstarini.

"Babu, mbona hapa hawasemi walikuwa watatu?"

Nikamsogezea taa.