Kuni za Udzungwa



Mwezi uliopita nilijaliwa kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye eneo la kilometa za mraba 1,990. Tulipanda kuelekea maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka zaidi ya meta 170. Chini ya miti ile mirefu jua hupenya kwa miali michache tu, na ardhi ina unyevu daima. Juu yetu mbega wekundu waliruka tawi hadi tawi bila kutujali.

Kiongozi wetu alitusimulia habari za ngolaga, kima asiyepatikana popote duniani ila katika milima hiyo. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ilhali wenyeji walikuwa wakimwita kwa jina lake tangu zamani. Waliujua msitu kabla ya vitabu kuujua.

Wenyeji haohao ndio wanaobeba gharama ya kuutunza. Hapo awali vijiji vya jirani viliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakoma. Sababu yake ni ya haki: gogo lililoanguka ni makao ya wadudu, na likioza huurutubisha udongo unaootesha miche. Lakini chungu hakiivishwi na sababu.

Jioni, mama mmoja kijijini aliniambia, “Baba, msitu naupenda, maji yake yananyweshea mpunga wangu. Ila watoto hawali maji.” Kisha akanionesha jiko lake: alikuwa akipikia pumba za mpunga uleule.

Nimelitafakari sana jibu hilo. Vijito vya Udzungwa vinastawisha mashamba ya bonde la Kilombero, na wengi wetu tunakula wali na sukari ya huko tukiwa mbali, bila kuulizwa tumechangia nini. Si haki kumwachia mama yule peke yake mzigo wa msitu unaotulisha sote. Miche ya miti ya kuni iliyopandwa nyumbani, pamoja na majiko yanayotumia kuni kidogo, ni msaada unaoonekana. Atakayewahubiria watu wa Sanje juu ya kuhifadhi uumbaji na aanze kwa kuuliza leo wanapikia nini.