Kawaida ya Nani?

Nilipoinunua kamera yangu ya dijitali jijini Arusha, muuzaji alinishauri nichukue lenzi ya milimita 50. "Ndiyo lenzi ya kawaida," alisema, nami sikumhoji. Neno kawaida lina kipaji cha kunyamazisha maswali.

Bibi yangu anaishi Akheri, kwenye miteremko ya Meru, katikati ya migomba na mibuni. Aliniomba picha moja tu, "ya siku yangu," na sote tulielewa ni siku gani. Alitaka apigwe sebuleni, kwenye kiti chake. Nikalenga, uso wake ukajaza fremu yote. Nikarudi nyuma hatua moja, nikarudi tena, hadi mgongo ukagota ukutani, na bado mikono yake haikuonekana wala kile kiti.

"Mbona unanikimbia, mjukuu wangu?"

Tukatoka uani. Picha ilikuwa safi, lakini mwanamke yule aliyeketi wima mbele ya migomba alifanana na mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Bibi aliitazama, akasema, "Huyu anasubiri gari."

Niliporudi mjini nikaanza kuchimba. Lenzi huitwa ya kawaida umbali wake wa fokasi unapokaribiana na mshazari wa sensa, yaani urefu kutoka pembe hadi pembe ya kile kibapa kipokeacho mwanga. Sensa ya milimita 36 kwa 24, iliyorithi ukubwa wa filamu ya zamani, ina mshazari wa takriban 43. Hamsini ikazoeleka humo tangu Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925 na lenzi ya kiasi hicho. Sensa yangu ni takriban 24 kwa 16. Mshazari wake haufiki 29. Juu yake, hamsini huona finyu kama lenzi ya 75 ionavyo kwenye ile kubwa.

Nasi kawaida tumeipata kwa Waarabu, ambao kwao ni wingi wa neno lenye maana ya msingi au kanuni. Kanuni huwa na aliyeiweka, na kipimo alichoiwekea. Mshororo wa mizani 16 umetimia katika shairi. Upachike katika utenzi wa mizani 8 kwa kila kipande, uone utakavyopwaya. (Rafiki alinihimiza ninunue lenzi ya kuvuta, inayokubali kila umbali. Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa mizani.)

Nikanunua ya 35. Safari hii niliketi kwenye kigoda, pale anapoketi mtu aliyekuja kusalimia, na Bibi akaendelea kunisimulia habari za kahawa. Sikumwambia atulie. Katika picha, dirisha limeungua kwa mwanga na mlima haumo kabisa. Mikono ipo. Kiti kipo.

Aliishika kamera kwa muda mrefu.

"Haya. Huyu ni mimi," alisema, kisha akaniuliza kama nimekula.