Mwaka Wetu wa Mshipi na Manyoya

Watu wengi wa bara hudhani kwamba bahari hutoa samaki kila siku, mradi mvuvi awe hodari. Sisi tunaoishi Tanga twajua kuwa sivyo. Bahari ina kalenda yake, wala haingoji mwisho wa mwezi kama mshahara. Nyumba inayokula kwa mshipi sharti ijifunze kalenda hiyo, ama sivyo itafanya karamu mwanzoni mwa mwaka na kulala njaa katikati yake. Tungependa kuwasimulia akina mama wenzetu, na waume zao pia, jinsi tulivyoupitisha mwaka mmoja, tangu Oktoba 2023 hadi Oktoba 2024, kwa ngalawa moja, mishipi mitatu na manyoya ya jogoo.

Kazi ya nchi kavu

Uvuvi wa mshipi ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kutia nanga karibu na mwamba, kuteremsha ndoana yenye chambo cha ngisi au dagaa, na kungoja changu, tasi au chewa. Wa pili huitwa kurambaza. Ngalawa inakwenda kwa tanga, na mshipi unaburutwa nyuma yake. Hapo hatutumii chambo cha kuliwa. Twafunga manyoya meupe ya jogoo kwenye ndoana pamoja na kipande chembamba cha karatasi inayong'aa. Yakipita majini kwa kasi huonekana kama dagaa anayekimbia, na nguru, jodari na kolekole huyarukia bila kuuliza.

Kufunga manyoya ni kazi ya nyumba nzima, nayo hufanyika jioni baada ya chakula. Watoto huchagua manyoya ya shingoni, yale membamba yanayochezacheza. Mama huyafunga kwa uzi wa kushonea, kisha hupaka rangi ya kucha juu ya fundo ili lisifumuke. Baba huunga kipande cha waya mbele ya ndoana, kwa sababu meno ya nguru hukata mshipi kama wembe. Mwisho hukata pete za mpira wa baiskeli za kuvaa vidoleni, maana samaki mkubwa akivuta, mshipi huchana ngozi.

Kwa hiyo tunaposema "tulivua", hatuna maana kwamba sote tulipanda ngalawa. Mmoja wetu aliingia majini. Wengine tulifunga ndoana, tulipara samaki, tulikaanga, tuliuza, na tuliomba arudi salama.

Miezi ya shibe

Mvua za vuli mwaka 2023 zilikuwa kubwa mno. Maji ya ghuba yalijaa matope, na kwa majuma kadhaa tulipata samaki wa mboga tu. Desemba upepo wa kaskazi ulishika, maji yakatakata, na ngalawa ikaanza kutoka nje ya mwamba kabla ya alfajiri. Hiyo ndiyo miezi ya kurambaza. Siku njema tulipata nguru wawili au watatu, siku nyingine kolekole, siku nyingine manyoya yalirudi yaliyo manyoya.

Mwishoni mwa Januari 2024 matokeo ya kidato cha nne yalitoka, na binti yetu mkubwa alifaulu vizuri. Tulishangilia, kisha tukakaa kuhesabu. Ada ya kidato cha tano ilifutwa na Serikali mwaka 2022, lakini mtoto wa bweni huhitaji godoro, shuka, sare, ndoo, madaftari, michango na nauli. Masomo ya kidato cha tano huanza Julai, na Julai ni katikati ya kusi, wakati ambapo bahari huchafuka na mvuvi wa ngalawa hukaa pwani siku nyingi kuliko anazotoka. Maana yake, fedha ya Julai ilikuwa lazima ivuliwe kabla ya Aprili.

Hapo tulitafuta mikebe minne ya maziwa. Mmoja tuliuandika Chakula, wa pili Chombo, wa tatu Dharura, na wa nne Shule. Kila tulipouza, fedha iligawanywa mezani mbele ya wote kabla ya mtu kununua hata kiberiti. Mkebe wa Shule aliutunza binti mwenyewe.

Mwezi wa Ramadhani ulianza Machi mwaka huo, na samaki walitakiwa sana kwa futari. Tungeweza kuwapandishia bei majirani zetu Waislamu. Baada ya mashauriano tuliamua bei ya mlangoni ibaki ileile. Wachuuzi wa sokoni tuliwauzia kwa bei ya soko. Samaki waliobaki tulipasua, tukawatia chumvi, tukawaanika juani hadi wakawa ng'onda wakavu.

Kusi

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga Hidaya kinakaribia pwani ya Tanzania. Tarehe 4 Mei kiliingia nchi kavu kwenye kisiwa cha Mafia, kusini ya kwetu. Sisi tulikuwa tumekwisha kuipandisha ngalawa hadi chini ya minazi. Kabla ya hapo tulikuwa na mapatano nyumbani: ikitolewa tahadhari, hakuna kutoka, na hakuna mtu wa kusema "mbona fulani amekwenda".

Kisha kusi lilikuja kwa nguvu zake zote. Katika Juni lilipita juma zima bila ngalawa kugusa maji. Tulikula ugali kwa ng'onda wa Machi, na jirani yetu mmoja aliyenunua samaki mlangoni wakati wa mfungo alituletea muhogo bila kuombwa.

Jaribu kubwa lilikuja tanga lilipopasuka. Mkebe wa Chombo haukutosha kununua tanga jipya. Baba alisema kwa sauti ya taratibu, "Tukikopa kidogo kwenye Shule, tutarudisha." Hakuna aliyejibu upesi. Maneno yake yalikuwa na haki, kwani bila tanga hakuna samaki. Lakini tulijua pia kwamba kusi halina ahadi. Usiku ule tulilitandaza tanga sakafuni, tukakata mifuko ya sandarusi, na tukatia viraka kwa sindano ya magunia mpaka taa ilipoanza kuisha mafuta. Halikupendeza kutazama. Lakini wakati wa maji mafu, mkondo unapopungua, liliweza kutufikisha kwenye miamba ya karibu, na changu wadogo kwa wakubwa walitupatia chumvi na unga.

Julai binti alipanda basi na godoro lake limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mshipi. Mkebe wa Shule ulikuwa umebaki na shilingi mia saba.

Tuliyojifunza

Msomaji mpenzi, huenda wewe hujapata kuona ngalawa. Lakini kama mnalima pamba, mnauza nyanya, au mume ni fundi anayeitwa leo na kusahauliwa kesho, mna kaskazi na kusi yenu. Tunashauri haya machache.

Kaeni pamoja mwandike miezi yenu ya kupata na miezi ya kukosa. Mkiijua, mtaacha kulaumiana mfukoni pakiwa patupu, kwa maana lawama nyingi za nyumbani huzaliwa na upepo wala si na mtu.

Gawanyeni fedha siku inapoingia, mbele ya watoto. Mtoto aliyeona mgawanyo hatasumbua kwa kudai viatu vipya mwezi wa njaa.

Hifadhini chakula wakati wa wingi. Chumvi ya Machi ni mboga ya Juni.

Patanani mapema juu ya hatari ambazo hamtazikubali hata kwa njaa. Uamuzi wa namna hiyo haufai kufanywa asubuhi yenyewe, chungu kikiwa kitupu na jirani anasukuma chombo chake majini.

Mwisho, mpeni kila mmoja kazi yake katika riziki ya nyumba. Kidole cha mtoto kilichochagua unyoya kina sehemu yake katika nguru aliyeliwa, na yafaa aambiwe hivyo mezani.