Kipimo Hakina Kalenda

Majibu ya maabara huja yamechapwa na kugongwa mhuri, na sisi tuliokulia kwenye vyeti tunauamini mhuri kuliko mdomo wa mtu. Hapo ndipo ndoa ya rafiki yangu mmoja wa Mwenge ilipoanza kuyumba. Alipima damu, akaambiwa ana hepesi aina ya 2, ile ya malengelenge ya sehemu za siri. Hajawahi kuona hata kipele. Mumewe akauliza swali moja tu: "Umeitoa wapi?"

Karatasi ile haina jibu hilo. Kipimo cha damu hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, yaani nyayo zake. Huchukua wiki kadhaa kuonekana, pengine hata miezi mitatu, kisha hubaki miaka na miaka. Maambukizi yanaweza kuwa ya mwaka huu au ya kabla ya posa. Na wengi wanaishi nacho bila kidonda, muulizaji naye akiwemo pengine.

Nilimwomba anisomee namba.

"Moja nukta nne, kaka."

Vipimo vingi vya aina hiyo huanza kusema "chanya" vikivuka 1.1. Kule Rakai, Uganda, watafiti walivilinganisha na kipimo kinachoaminika zaidi, wakachapisha matokeo mwaka 2008: wengi walioambiwa wanacho hawakuwa nacho, hasa wenye namba ndogo. Mwongozo wa Marekani wa 2021 unataka namba iliyo chini ya 3.0 ithibitishwe kwa kipimo cha pili, cha njia nyingine.

Kirusi chenyewe hukamatwa kwenye kidonda. Lengelenge likiwa bado bichi, linapanguswa kwa kijiti chenye pamba, majimaji yanapimwa kwa PCR, ile ile tuliyoizoea enzi za korona, na aina yake inajulikana, 1 au 2. Likishakauka, uwezekano wa kukipata unashuka. Yeye hakuwa na cha kupangusa.

"Sasa shemeji yako nimwambie nini?"

Nikamwambia: hiyo karatasi si hukumu. Nendeni wote wawili, mkaulizie kipimo cha kuthibitisha.

Akakaa kimya kidogo. Kipimo cha pili kinataka hela, kinataka maabara inayokifanya, na zaidi ya yote kinataka mume aliye tayari kukunja mkono wa shati.