Picha Zirukazo Katika Simu

Hapa kwetu Butembo, na Beni vilevile, simu ikisumbua mshitakiwa ni mmoja tu: mtandao. Picha ya kuchorwa ikirukaruka badala ya kwenda sawasawa, mara twasema mtandao ni mbovu, nasi twatoa pesa ya chumvi kununua mega nyingine. Twaonelea kwamba mara nyingi pesa hiyo hupotea bure.

Wazee walioona sinema za misioni wanakumbuka shuka nyeupe na mashine iliyonguruma. Katika miaka ya 1950 Padri Alexandre Van den Heuvel, mmisionari wa Scheut, alitengeneza katika Kongo sinema za michoro za Mboloko, yule paa mdogo mwenye akili. Je, Mboloko alitembea kweli? Hasha. Katika sinema picha zote zimesimama. Hupita 24 kwa sekunde, kila moja ikitofautiana kidogo na mwenzake, na jicho ndilo linaloziunganisha.

Simu nayo hufanya vivyo hivyo, ila kioo chake kwa kawaida hubadilishwa mara 60 kwa sekunde, na michoro ya ukurasa huchorwa palepale ndani ya simu. Sekunde moja ikigawanywa mara elfu, kila picha hupewa vipande 17 hivi tu. Isipokuwa tayari, kioo huonyesha tena ile ya zamani, na zamu iliyopotea hairudi. Jicho husamehe mwendo wa pole, lakini mwendo usio sawa halisamehi: picha 30 zifuatanazo vizuri zapendeza kuliko 60 zinazojikwaa.

Basi jaribuni hivi. Ukurasa ukiisha kufunguka wote, zimeni mtandao. Mchoro ukizidi kuruka, mtandao hauna hatia. (Video inayosimama na kuonyesha kiduara kinachozunguka ni jambo lingine; hiyo kweli yangojea mtandao.)

Vijana wetu wanaotengeneza kurasa za maduka na za parokia, neno hili lawahusu zaidi. Tuliona ukurasa mmoja wa Noeli: katika kompyuta ya fundi nyota ilikwenda Betlehemu kwa utulivu, katika simu ya bei ndogo ya mama wa sokoni iliruka kama panzi. Kwa kila hatua ya nyota, kivinjari kilipima upya maandishi na picha zote, kama mtu ahamishaye kinara kimoja na kuwapanga upya waamini wote katika mabenchi. Amri iitwayo transform huisogeza nyota peke yake, na wengine wakakaa walipo. Tena jaribuni kazi yenu katika simu kama ya yule mama, kwa maana ndizo zilizo mikononi mwa watu.

Na simu iliyochomekwa umeme juani hupunguza nguvu yake yenyewe ikipata joto. Iacheni ipoe kivulini kabla ya kumwita fundi.