Betri imekufa? Pima kwanza

Kila mwenye gari la mtumba ameshaisikia hii: "Betri imekufa, nunua nyingine." Mimi kazi yangu ni kuandika habari, na gazetini hatumhukumu mtu kwa kusikiliza upande mmoja. Naona hata betri ina haki hiyo.

Mjomba wangu anaendesha teksi. Fundi mmoja alimuuzia betri mpya, na gari lilipogoma tena baada ya wiki chache akamwambia anunue nyingine. Hela iliyokuwepo ilikuwa ada ya mwanawe. Nikamwambia, "Mjomba, tuipime kwanza." Akacheka: "Haya, wewe si ndiyo msomi!"

Multimita ya kawaida inatosha. Iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu, alama ya 20. Waya mwekundu unagusa chanya ya betri, mweusi hasi. Gari liwe limezimwa kwa saa kadhaa, maana likitoka tu barabarani betri huonyesha chaji ya juujuu. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Ya mjomba: 12.1.

Pili, piga starta huku mwenzako akitazama mita. Betri yenye chaji ikishuka chini ya 9.6, ina mashaka. Ya mjomba, pamoja na kupungua chaji, iliishia 10.3. Ah, kumbe maiti bado inapumua!

Tatu, pima injini ikiunguruma. Kwenye magari mengi altaneta nzima hutoa kati ya 13.8 na 14.5. Ikivuka 15 nayo ni hatari, itachemsha betri. Sisi tulipata 12.0, na tulipowasha taa ikazidi kushuka. Yaani betri ililisha gari zima bila kurudishiwa chochote. Hata mpya ingekufa vilevile.

Mkanda ulikuwa umekaza vizuri. Fundi mwingine alipoifungua altaneta akakuta kaboni zimeisha. Zikabadilishwa, betri ikachajiwa usiku kucha, na asubuhi mita ikasoma 14.2 gari likiunguruma. Ada ikalipwa.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujatoa hela dai namba tatu: gari likiwa limezimwa, likipigwa starta na likiunguruma. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika kuombwa ushahidi.